Kuhami kontena la kukaushia mbao Mombasa: tuanze na maji

FundiMiritini (mwanzisha uzi)

Salaam nyote. Wengi humu mmeshanunua kontena la futi 20, au mnalitafuta huko Changamwe na Shimanzi, mligeuze tanuri la kukaushia mbao. Swali la kwanza huwa lile lile: Mombasa ni joto mwaka mzima, ya nini kuhami, yaani kulivisha kitu cha kuzuia joto lisipite? Naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu nimeona makontena yakioza kutoka ndani na mbao za mwembe zikitolewa zimepasuka uso mzima, halafu lawama anabebeshwa mti.

Tuanze na hewa yetu. Unyevu wa hewa ya Mombasa huzunguka asilimia 75 hadi 80. Mbao uliyoipanga kivulini hapa, hata ukiiacha miaka miwili, haishuki chini ya asilimia 14 au 15 ya maji, maana hapo ndipo inapolingana na hewa iliyoizunguka. Itengeneze meza, ipeleke kwenye chumba cha hoteli chenye AC mchana na usiku, na hewa ya humo itaivuta hadi 9 au 10. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kusinyaa zaidi ya sentimita moja. Viungo vinaachia, mteja anarudisha. Anayeuza samani za ndani hapa pwani anahitaji tanuri, hakuna njia ya mkato.

Sasa kontena lenyewe. Bati la ukuta lina unene wa milimita 2 hivi, na chuma hakizuii joto hata kidogo. Ukijumlisha kuta, paa, milango na sakafu, kontena la futi 20 lina eneo la mita za mraba 73 na kitu. Ukitaka ndani iwe nyuzi 60 na nje ni 30, kontena lisilohamiwa hupoteza takriban kilowati 13 saa zote. Likihamiwa kwa povu la poliyurethani la milimita 50, upotevu hushuka hadi kilowati 1 hivi. Weka na ule wa pembeni na milangoni, tuseme 1.5. Kwa siku nzima ni yuniti 310 dhidi ya 36. Linganisha na kazi yenyewe: mita 5 za ujazo za mbao yenye uzito mkavu wa kilo 500 kwa mita ya ujazo, ukizitoa asilimia 40 hadi 10, zinatoa lita 750 za maji. Kila lita hutaka kama yuniti 0.67 ili iwe mvuke. Jumla ni yuniti 500 kwa mzigo mzima. Kontena lisilohamiwa linapoteza kiasi hicho kupitia ukutani kabla siku mbili hazijaisha.

Hata hivyo bili ya stima si hoja yangu kubwa. Hoja ni maji. Hewa ya nyuzi 60 yenye unyevu wa asilimia 60 hugeuka maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 49. Bati lililo wazi kwa nje halifiki hapo, sembuse usiku, sembuse mvua ya masika ikilipiga. Basi kuta zinatoa jasho, maji yanateremka sakafuni, na unyevu wa ndani unashuka bila wewe kuamua. Na mbao ikiwa mbichi, siku za mwanzo unautaka sana unyevu huo: asilimia 80 na zaidi kwenye nyuzi 40 hadi 45, ili uso usikauke ukauacha moyo nyuma. Ukuta baridi unakunyang'anya. Uso unakauka na kutaka kusinyaa, moyo umejaa maji haukubali, ubao unapasuka. Hiyo ndiyo siri ya zile nyufa za mwembe.

Kwa hiyo mimi nasema kihami cha tanuri la Mombasa kazi yake ya kwanza ni kuliweka bati juu ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo chini yake mvuke hugeuka maji. Ukilishika hilo, maswali ya povu gani, unene gani, ndani au nje, yanajipanga yenyewe. Karibuni tujadiliane.

DadaSamani_Kisauni

Ahsante sana kaka, hii ya jasho la ukuta nimeiona kwa macho yangu kwa jirani, maji yalikuwa yakichuruzika kama bomba na sisi tukadhani paa linavuja. Swali: wewe ungehami ndani au nje? Mimi kontena langu upande mmoja liko karibu mno na ukuta wa jirani, mtu hapiti.

FundiMiritini

Dada, mwenye nafasi nampa jibu moja: nje.

Ukihami nje, bati linakuwa upande wa joto. Linapata nyuzi 58 au 59 pamoja na hewa ya ndani, hivyo mvuke hauna pa kugandia. Na bati lenyewe, likiwa halina tundu, ndilo kizuizi bora cha mvuke ambacho mtu angeweza kununua, na umeshalinunua. Upana wa ndani wa mita 2.35 unabaki wote, nao ni mdogo tayari: rundo la mbao la mita 1.3, halafu nafasi ya hewa kila upande, basi umemaliza.

Kazi ya nje iko hivi. Papi za mbao zilizotiwa dawa zinasimamishwa ukutani, katikati unajaza pamba ya mawe ya milimita 75 hadi 100 au paneli za povu, kisha unafunika kwa mabati ya kuezekea. Jambo ambalo mafundi wengi hulipita: ukuta wa kontena una mikunjo yenye kina cha sentimita 3 na zaidi. Ukiegemeza paneli bapa, nyuma yake panabaki vichochoro kutoka chini hadi juu, na upepo wa kusi ukiingia chini unatokea juu umebeba joto lako lote. Ziba vichochoro hivyo chini na juu kwa povu la kupuliza. Paa nalo lifunikwe kwa mwinamo, maji ya mvua yasisimame, na mabati yashuke kupita ukingo. Pamba ya mawe ikilowa haihami tena.

Kwako, ule upande wa jirani hami kwa ndani na pande zilizobaki nje. Kwa ndani tumia povu la kupuliza pekee, lile gumu la seli zilizofungika, lishikane na bati lijaze kila mkunjo. Paneli kwa ndani sikushauri hata kidogo. Mvuke utapita kwenye maungio, utaingia vile vichochoro vya nyuma, utakutana na bati baridi, na maji hayo hayana pa kutokea kwa sababu bati la nje limeyafungia. Ukuta unaoza kimyakimya na huwezi kuuona. Pia usikubali povu laini la aina ya godoro, linanyonya maji.

FundiFriji_Shimanzi

Uzi mzuri sana huu. Nichangie kwa upande wangu wa baridi.

Kwa nini mnahangaika na kontena kavu? Tafuteni kontena la friji ambalo mashine yake imekufa. Lile lina povu ndani ya kuta, paa, sakafu na milango kutoka kiwandani, ndani limevishwa chuma kisichoshika kutu, sakafu ni ya alumini yenye mifereji ya kupitisha hewa, na milango ina mipira inayobana kisawasawa. Kazi ambayo FundiMiritini ameieleza hapo juu yote imeshafanywa.

Mambo matatu ya kuangalia kabla hujatoa pesa. Kwanza, povu la zamani huweza kuwa limekunywa maji miaka yote baharini. Uzito wa kontena tupu umeandikwa mlangoni. Lipitishe kwenye mizani, na kama linazidi kwa kilo mia kadhaa wakati hata mashine imeondolewa, liache. Pili, chunguza mipira ya milango na kuta kama kuna mahali pamegongwa na foklifti, maana tundu dogo la ndani ni mlango wa mvuke kuingia kwenye povu. Tatu, upana wa ndani ni mdogo kidogo, kama mita 2.29, na sakafu ile ya mifereji utaitolea mbao ya kutelezeshea ukitaka kusukuma toroli.

Joto lisizidi nyuzi 65 humo. Lilijengwa kwa baridi, na povu na gundi zake hazikukusudiwa zaidi ya hapo kwa wiki nzima.

MariakaniMbao

Wakuu mimi naona mnafanya jambo dogo kuwa kubwa. Paka kontena rangi nyeusi, weka feni mbili, jua la Mombasa linatosha. Mchana mtu hawezi hata kugusa lile bati. Kihami si kitazuia jua lisiingie?

FundiMiritini

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, tusiipuuze. Ni kweli kihami kinazuia jua. Na tanuri la jua ni kitu kizuri: mchana mbao inatoa maji, usiku inapumzika, maji ya moyoni yanasogea usoni, na mkazo ndani ya ubao unapungua. Kwa mbao nene na kwa mtu asiye na haraka, ni njia salama.

Lakini tanuri la jua linalofanya kazi lina kioo au plastiki angavu upande wa jua, bamba jeusi nyuma yake, na kuta zilizobaki ZIMEHAMIWA. Joto linaingia kwa dirisha moja na halitoki pengine. Kontena jeusi tupu linapokea jua kwa paa na ukuta mmoja, na kuanzia magharibi linalitema joto lote. Saa nane usiku bati liko nyuzi 25, hewa ya ndani bado imejaa mvuke wa mchana, na paa lote linatonesha juu ya rundo. Madoa meusi ya maji na kuvu kwenye mbao nyeupe kama mwembe hayatoki kwa randa ya mara moja.

Akitaka jua, aweke bamba jeusi na kioo juu ya paa lililohamiwa, hewa izungushwe kwa feni ndogo mchana na mfereji ufungwe usiku. Hapo tumekubaliana.

Kijana_Jomvu

Mimi ni fundi mdogo, bajeti ya povu la kupuliza sina. Kuna stairofomu nyeupe za bei nafuu. Pia nimewaza maranda ya mbao, na makumbi ya nazi tunayo bure. Vipi hivyo?

FundiFriji_Shimanzi

Stairofomu nyeupe inalainika ikikaribia nyuzi 75 au 80. Ikiwa nje ya bati na wewe huvuki nyuzi 55, itakaa. Ndani, karibu na hita, itajikunja. Na usisahau cheche za kulehemu: stairofomu inashika moto upesi mno. Kulehemu kote kuishe kabla kipande cha kwanza hakijabandikwa.

Kitu kingine, kijana: waulize mafundi wanaojenga vyumba vya baridi vya samaki. Wana vipande vya paneli vilivyokatwa vikabaki, povu katikati na bati pande zote mbili. Ukivikusanya polepole utafunika kontena zima kwa nje, na hutahitaji mabati mengine juu yake isipokuwa kwenye paa.

FundiMiritini

Maranda na makumbi ni vihami vya kweli, ila hafifu. Unene wa maranda unaohitaji kufikia kazi ya sentimita 5 za povu gumu ni sentimita 13 hadi 15. Kwa NJE ya bati, makavu kabisa, ndani ya kisanduku chenye paa zuri, inawezekana. Tatizo ni mchwa, panya na moto. Kwa ndani ya bati, kamwe: yatalowa wiki ya kwanza na kuanza kuoza.

Kama pesa ni kidogo, hami vizuri kontena lote kwa unene mdogo kuliko kuhami kuta kwa unene mkubwa na kuacha milango na sakafu. Sehemu moja baridi inatosha kukuvurugia unyevu wa chumba kizima. Mvuke utaifuata pale pale ilipo.

MzeeKuze

Vijana, nawasoma. Mimi nimechonga milango maisha yangu yote huku Mji wa Kale. Nina mawili.

La kwanza, mbao inapopashwa moto inatoa asidi, harufu yake ya siki mnaijua. Mkaratusi unatoa. Asidi hiyo inakula zinki. Mkivisha ndani kwa mabati ya kawaida, mtayaona yamekuwa meupe, kisha mekundu, kisha matundu. Tumieni alumini. Misumari na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kutu ya msumari ikidondokea mbao yenye tanini, ile kemikali ya asili ya mti, inaacha doa jeusi kama wino.

La pili, mbambakofi na mvule wa inchi mbili au tatu msiuingize tanurini ukiwa mbichi. Upangeni kwanza kivulini, papi katikati, vichwa mmevipaka rangi nzito au nta, mpaka ushuke chini ya asilimia 25 au 30. Hapo maji huru yameisha, na tanuri linabaki na kazi ya kumalizia. Mbao nene haitaki kukimbizwa.

Kijana_Jomvu

Shikamoo mzee. Kwa hiyo na bati la kontena lenyewe, kama nimehami nje, si litaliwa na hiyo asidi kwa ndani?

MzeeKuze

Marahaba mwanangu. Litaliwa, lakini lina rangi. Pangusa kutu yote mpaka chuma king'ae, piga praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ya epoksi au ile ya lami yenye alumini ndani yake, mikono miwili. Kila tundu la skrubu lizibwe. Kila mwaka uingie ukague kwa taa, hasa chini ukutani ambapo maji hukaa. Hiyo ni faida nyingine ya kuhami nje: bati unaliona.

DadaSamani_Kisauni

Ahsante mzee wetu. Mimi nimekwama kwenye sakafu. Ni plaiwudi nene, na kontena likifungwa mchana kuna harufu ya dawa.

FundiMiritini

Plaiwudi hiyo ni milimita 28, na kwa kawaida imetiwa dawa ya wadudu. Kwenye kibao cha chuma kilichopigwa mlangoni kuna mstari unaoeleza dawa iliyotumika kwenye mbao za sakafu na tarehe yake. Usome. Ukipasha sakafu hiyo nyuzi 60, dawa itatoka zaidi, kwa hiyo usiiache wazi, na vipande vyake usivichome kabisa wala usipikie.

Funika sakafu yote kwa bamba la alumini, maungio yazibwe, na kingo zipande ukutani sentimita 10 ziwe kama karai. Hilo linafanya kazi mbili: linafunga dawa, na linazuia maji yasiingie plaiwudi ikaachana tabaka. Inamisha kontena kidogo upande mmoja, weka bomba dogo la kutolea maji lenye mpindo unaobaki na maji, ili hewa isipite.

Kihami cha sakafu kiende chini. Inua kontena kwenye matofali au nguzo za zege, sentimita 50 hivi, mtu aweze kulala chali akapulizia povu katikati ya vyuma vya chini. Wengi huruka sehemu hii kwa sababu haionekani. Sakafu ni mita za mraba 15, moja ya tano ya kontena, na ndiko maji yote yanakoteremkia.

Milango: vyuma vya kufungia vinazuia kuhami kwa nje. Tengeneza mlango wa pili wa ndani, fremu ya mbao, povu katikati, alumini pande zote mbili, ubanwe kwenye mpira wa pande zote. Ukimaliza, ingia ndani saa sita mchana mwenzako akufungie na abaki hapo hapo mlangoni. Kila nukta ya mwanga utakayoiona, itie alama na uizibe.

PaletiZaBandari

Habari za humu. Mimi hutengeneza paleti. Hili tanuri likihamiwa hivi linaweza kutumika kwa zile za kusafirisha nje?

FundiMiritini

Kwa joto, ndiyo. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka moyo wa mbao ufike nyuzi 56 na ukae hapo dakika 30 mfululizo. Tanuri lisilohamiwa linashindwa hapa, kwa sababu pembe za baridi zinachelewa na vipimo huwekwa mahali penye baridi zaidi. Lakini muhuri wa kugonga kwenye paleti unatolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, baada ya kukagua kituo na vipimo vyako. Zungumza nao KABLA hujajenga, ili nyaya za vipimo vya moyo wa mbao ziwe na njia yake ukutani. Kutoboa ukuta uliokwisha kuhamiwa ni kukaribisha maji.

Joto hilo linaua na bungua pia, dada zetu wa samani walijue.

FundiUmeme_Bombolulu

Naomba kuongeza ya umeme, kwa sababu hakuna aliyeyagusa.

Feni ya kawaida ya nyumbani mle ndani inaungua. Mota ziwe za daraja H kwa upande wa joto, au mota ikae nje na shafti ipenye ukuta kwa mpira unaobana. Feni ziweze kugeuza mwelekeo, ili upande mmoja wa rundo usikauke ukauacha mwingine. Kasi ya hewa kati ya mbao iwe mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde, pima, usikisie. Ziba juu na pembeni mwa rundo kwa turubai au plaiwudi, hewa ikose njia nyingine isipokuwa katikati ya mbao.

Kontena lote liwe na waya wa ardhi, na swichi inayokata umeme ukivuja. Hilo ni sanduku la chuma lenye maji na stima pamoja. Na povu lolote lililo ndani lazima lifunikwe na bamba la chuma au alumini: moshi wa poliyurethani ikiungua ni sumu kali.

Kwa chanzo cha joto, kwa kontena lililohamiwa la mita 5 za ujazo, kilowati 4 hadi 5 zinatosha. Anayekwepa stima achemshe maji nje kwa vipande na maranda, ayapitishe kwenye rejeta ya lori ndani mbele ya feni. Moto unabaki nje, joto linaingia.

MariakaniMbao

Na AC kuukuu? Nimesikia kuna wanaoitumia kukausha hewa badala ya matundu ya kutolea hewa yenye mvuke.

FundiFriji_Shimanzi

Usiiweke ndani. AC ya kawaida ikizungukwa na hewa inayozidi nyuzi 45, shinikizo linapanda hadi kompresa inajizima au inakufa. Na asidi aliyoitaja Mzee Kuze inatoboa mabomba ya shaba vitundu vidogo, gesi inaisha.

Tena matundu ya hewa hayana kasoro hapa Mombasa, watu wanaogopa bure. Hewa yetu ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiiingiza na kuipasha hadi nyuzi 60, unyevu wake unakuwa asilimia 15 tu. Ni kavu tele. Tundu la kuingiza liwe upande feni zinakovuta, la kutolea liwe upande zinakosukuma, na vifuniko vyake navyo vihamiwe, la sivyo vitatonesha.

Kijana_Jomvu

Swali langu la mwisho wakuu. Nitajuaje mbao imefika? Kipima unyevu cha pini naambiwa kinadanganya ikiwa na joto.

FundiMiritini

Kinadanganya kweli, mbao moto huonekana ina maji kuliko ilivyo, lazima usahihishe kwa jedwali lake. Njia ya kuaminika ni mizani. Kata kipande cha sampuli, mbali na kichwa cha ubao angalau nusu mita. Pima uzito. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, upime. Tofauti ya uzito gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Ubao mwingine wa sampuli wenye vichwa vilivyozibwa unauacha katikati ya rundo na kuupima kila siku, na kwa hesabu hiyo unajua rundo liko wapi. Tengeneza kidirisha kidogo kilichohamiwa cha kuutolea, usifungue mlango mkubwa.

Pamoja nayo, kwa kupima unyevu wa hewa, weka vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa kilicholowa, kwenye hewa inayoingia kwenye rundo. Usiviweke ukutani.

DadaSamani_Kisauni

Kaka, na zikishatoka? Nimeambiwa zinarudi kunywa maji.

FundiMiritini

Zinarudi. Ubao wa asilimia 10 ukiachwa kwenye banda letu la wazi utaanza kupanda wiki hiyo hiyo, na baada ya miezi michache uko 14 tena. Kwa muda mfupi, panga bila papi, ubao juu ya ubao, funga rundo lote kwa plastiki nene na uzibe maungio. Kwa muda mrefu, tenga chumba kilichofungwa na ukipashe nyuzi 8 tu juu ya hewa ya nje. Hewa ya nyuzi 28 na asilimia 80 ikifika nyuzi 36, unyevu wake unashuka hadi asilimia 51, na mbao humo inatulia kwenye 9 hivi. Kontena la pili lililohamiwa linafanya hivyo kwa hita ndogo na kidhibiti joto kimoja, au kwa lile bamba jeusi la ndugu yetu wa Mariakani juu ya paa.

Samani nayo uitengeneze humo humo au utoe mbao za kazi ya siku hiyo peke yake. Mkishapaka vanishi pande zote, na chini ya meza pia, mpigieni mteja.